Shilingi, Bitcoin na akiba ya mchumaji karafuu

Mazungumzo haya niliyatoa Wete, Pemba, mbele ya wazazi, walimu na vijana, baada ya sala ya laasiri. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, pamoja na masuali mawili niliyoulizwa mwishoni.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliojaa mlangoni. Nimefundisha uwekaji hesabu skuli ya sekondari kwa miaka mingi, na humu ukumbini naziona nyuso za niliowasomesha, sasa wana wajukuu. Leo nimeombwa nijibu suali moja. Mtu aliyepata fedha na hataki kuila yote, aiweke wapi? Aiache iwe shilingi, au ainunulie hizi sarafu za kidijitali zinazozungumzwa barazani kila jioni?

Nianze na kitambaa cha bi mkubwa mmoja.

Mnakumbuka Benki Kuu ya Tanzania ilipotangaza kuwa noti za zamani, zile zilizotolewa baina ya 1985 na 2003, zirejeshwe benki zibadilishwe, kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025, na baada ya hapo zisiwe fedha halali tena. Siku hizo kijana mmoja akaniletea bibi yake nyumbani. Bibi akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na noti ambazo mjukuu wake hajapata kuziona, zimekunjwa mara nne, zinanukia karafuu na udi. Fedha ya mavuno ya zamani, shilingi laki tatu. Aliiweka kashani kwa ajili ya siku mbaya, na siku mbaya, alhamdulillahi, haikuja.

Nikaenda naye benki mwenyewe. Noti zikahesabiwa, akapewa mpya, laki tatu kamili, haikupungua hata shilingi. Njiani kurudi alikuwa kimya. Tulipokaribia kwake akanambia: "Mwalimu, fedha zimerudi zote. Ng'ombe ndiye hakurudi."

Maana siku aliyozitia kashani, laki tatu ilikuwa ng'ombe mzuri na fedha ikabaki. Siku tuliyotoka benki, ilikuwa mbuzi. Bi mkubwa yule hakusoma uchumi, lakini alilisema jambo lote kwa maneno machache. Serikali imetimiza ahadi yake, kwa sababu ahadi yake ni ile namba iliyoandikwa kwenye noti. Ng'ombe hajaandikwa kwenye noti.

Tunasema panya huuma na kupuliza. Anakutafuna kisigino umelala, na kila akiuma anapuliza, husikii kitu mpaka asubuhi. Mfumko wa bei ndio panya huyo. Shilingi yetu ilipoanza kutumika mwaka 1966, dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi 7 na senti 14. Miaka hii dola imekuwa zaidi ya shilingi 2,000. Shilingi mia ya mwaka 1966 ilikuwa dola 14. Shilingi mia ya leo haifiki senti tano za dola. Wenye umri wangu mnaikumbuka miaka ya 1980, foleni za sukari na sabuni, na bei zikipanda kwa kiasi cha asilimia 30 kwa mwaka. Kwa mwendo huo, kila baada ya miaka miwili na miezi minane bei huwa maradufu. Miaka ya karibuni panya ametulia, mfumko umekaa karibu na asilimia 3. Lakini hata kwa asilimia 3 bei huwa maradufu kila miaka 24. Mtoto anayezaliwa leo mkiwekewa laki moja kashani, akifika umri wa kuoa ataikuta laki moja yenye nguvu ya elfu hamsini.

Wala msifikiri dola yenyewe imesimama. Mpaka Agosti 1971 Marekani iliahidi kuzibadilishia serikali nyengine wakia moja ya dhahabu kwa dola 35. Tarehe 15 ya mwezi huo Rais Nixon akaisimamisha ahadi hiyo. Mwaka 2025 wakia ile ile ilipita dola 3,000. Fikirini basi: mwaka 1966 wakia ya dhahabu ilikuwa kama shilingi 250 za kwetu; leo haipatikani kwa milioni saba.

Sasa kijana aliyeko mlangoni anasema moyoni mwake: umeona, mwalimu mwenyewe amekiri, shilingi inaliwa, twende kwenye Bitcoin, hiyo sarafu ya kidijitali iliyo mashuhuri kuliko zote. Subiri, mwanangu. Nina kisa chengine.

Mtoto wa dada yangu alikodi mikarafuu, akachuma, akaanika, akauza, akapata milioni moja yake safi baada ya kulipa wachumaji. Ilikuwa mwisho wa 2021. Bitcoin moja wakati ule, mwezi wa Novemba, ilifika karibu dola 69,000, na kila aliyekuwa na simu alikuwa mtaalamu. Akatia milioni yake yote. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2022, Bitcoin ilikuwa chini ya dola 16,000. Milioni imekuwa kama laki mbili na thelathini. Na mwezi huo huo mashine ya boti yake ikafa. Hakuwa na fedha nyengine. Akauza alichobakiwa nacho, akaikodi mashine ya mwenziwe msimu mzima, nusu ya samaki wakawa si wake.

Najua mtasema, angesubiri. Ni kweli, Disemba 2024 bei ilipita dola 100,000. Aliyenunua katika dhiki ile ya Novemba 2022 na akashika mpaka hapo, fedha yake iliongezeka mara sita. Nawapongeza waliofanya hivyo, sina kinyongo. Lakini mpwa wangu hakuwa na uwezo wa kusubiri, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu ndilo jambo lililonileta. Akiba haipimwi siku bei ipo juu. Hupimwa siku umeamka na homa ya mtoto, au barua ya skuli, au mashine iliyokufa. Siku hiyo huichagui wewe. Kitu ambacho huenda siku hiyo kikawa robo ya ulichokiweka, kinaweza kuwa biashara, kinaweza kuwa bahati, lakini kwa mtu asiye na akiba nyengine si akiba. Shilingi inaliwa na panya. Hii nyengine inachukuliwa na mwewe, mchana kweupe, kifaranga mzima.

Na mjue kuwa sisi wa visiwa hivi si wageni wa fedha za watu wa mbali. Babu zetu walishika riale ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Malkia huyo alifariki 1780, na riale ile ikaendelea kufuliwa, ikiandikwa mwaka ule ule wa 1780, miaka na miaka baada ya kufa kwake, ikazunguka Bahari ya Sham na pwani yetu yote. Hakuwa na askari hapa wala hakimu wala mtoza ushuru. Watu waliiamini kwa sababu waliyajua madini ya fedha yaliyomo ndani yake na uzito wake. Sultani Barghash alipotoa riale zake mwenyewe, mwaka 1299 Hijria, yaani 1882, watu hawakuiacha rupia ya Uhindi. Zanzibar ikatoa noti zake za rupia mwaka 1908. Januari 1936 zikaondoka, rupia moja kwa shilingi moja na nusu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1966 ikaja shilingi ya Tanzania. Mzee aliyezaliwa hapa Wete katika miaka ya 1920 alishika fedha tatu bila kuhama nyumba. Kwa hivyo mtu akiniambia fedha ya serikali ni ya milele, simkubalii. Akiniambia fedha isiyo na serikali haiwezekani, simkubalii pia.

Tulichojifunza kwa gharama kubwa ni suali moja: nani anaweza kukiongeza kitu hiki?

Kuna kisa kimoja kilichoanzia kwenye fukwe zetu wenyewe, na nasikitika kuwa watoto hawakisomi. Afrika Magharibi, Lagos na Dahomey (Benin ya leo) huko, watu walitumia kauri, kombe hizi za baharini, kama fedha kwa karne nyingi. Zilikuwa kauri ndogo za kutoka Maldives, mbali sana, kwa hivyo zilikuwa adimu, na kwa kuwa adimu zilikuwa na thamani. Katika miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg, Ujerumani, wakagundua kuwa kauri za pwani ya Zanzibar, ambazo ni kubwa kidogo, zinakubalika kule. Hapa zilikuwa rahisi mno, watu wakiziokota maji yakitoka. Wakazipakia majahazini na melini kwa tani, mwaka hadi mwaka. Thamani ya kauri kule ikaporomoka. Ilifika hadi mtu akienda sokoni gharama ya kubeba fedha inakaribia fedha yenyewe. Mzee wa Lagos aliyezika mitungi ya kauri sakafuni, akiba ya maisha yake, alifilisishwa na mtoto aliyekuwa akiokota kauri pwani ya huku, na wawili hao hawakujuana.

Hebu shikeni kisa hicho, tuitazame Bitcoin. Wapo wanaoicheka bila kuielewa, na hilo si haki.

Mnaijua methali: mali bila daftari hupotea bila habari. Fedha nyingi ya leo ni daftari tu. Mshahara wako ni mstari katika daftari la benki. Salio la simu yako ni mstari katika daftari la kampuni. Daftari ni moja na mshikaji ni mmoja. Bitcoin ni daftari ambalo nakala zake wanazo maelfu ya watu duniani, wasiojuana. Kila baada ya dakika kumi hivi huongezwa ukurasa mpya, na kila ukurasa hubeba muhuri wa ukurasa uliotangulia, kwa hivyo ukitaka kuufuta wa jana itabidi uandike upya zote zilizofuata, ukishindana na kompyuta zote zinazolinda daftari hilo. Huo mnyororo wa kurasa ndio wanaouita blokcheni. Mpango wake ulitolewa tarehe 31 Oktoba 2008 na mtu, au watu, waliojiita Satoshi Nakamoto, na mpaka leo hawajajitokeza. Ukurasa wa kwanza ni wa tarehe 3 Januari 2009, na ndani yake mliandikwa kichwa cha habari cha gazeti la Uingereza cha siku ile, kuhusu serikali kutaka kuziokoa benki kwa mara ya pili. Aliyeandika alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa na msingi: benki zimecheza kamari, mlipa kodi ameitwa kulipa.

Na kuhusu suali letu la kauri, ameweka jibu ndani ya daftari lenyewe. Bitcoin hazitazidi milioni 21. Wanaolinda daftari walikuwa wakipewa 50 mpya kila ukurasa. Kiasi hicho hukatwa nusu kila baada ya miaka minne hivi, na tangu Aprili 2024 wanapewa 3 na sehemu moja ya nane tu. Hakuna waziri wa kuongeza, hakuna meli ya kutoka Hamburg. Kwa hili naivulia kofia. Benki Kuu yoyote duniani inaweza kushawishiwa ichapishe. Zimbabwe walifika kuwa na noti ya dola trilioni mia moja, Januari 2009, mwezi ule ule daftari la Nakamoto lilipofunguliwa.

Lakini uadimu ni nusu ya habari. Kitu kinaweza kuwa adimu na bado kesho asikitake mtu. Tena ukomo wa milioni 21 ni wa Bitcoin peke yake. Sarafu nyengine ziko maelfu, na mtu yeyote mwenye ujuzi na kompyuta anaweza kutengeneza mpya jioni hii kabla ya magharibi, akaipa jina la mbwa au la rais. Hizo ndizo kauri. Vijana wengi ninaozungumza nao hawana Bitcoin. Wana hizo, kwa sababu ni rahisi, na wanadhani rahisi maana yake ni kuwa itapanda.

Nyuma ya shilingi yuko nani? Wapo watu wengi, na majina yao yanajulikana. Mamlaka ya mapato inaikubali. Mwalimu analipwa kwayo. Mahakama ikikuhukumia deni, kwa kawaida inakuhukumia kwa shilingi. Benki yako ikianguka iko Bodi ya Bima ya Amana ya kukurejeshea angalau sehemu. Benki Kuu ina akiba ya fedha za kigeni, na miaka hii imekuwa ikinunua dhahabu ya wachimbaji wetu. Nyuma ya Bitcoin hayuko mtu. Watetezi wake wanalisema hilo kwa fahari, na wana haki: hakuna wa kukuharibia. Ila hakuna wa kumlilia pia. El Salvador waliijaribu kuwa fedha halali ya nchi kuanzia Septemba 2021. Watu wengi wakaendelea na dola zao, na Januari 2025 bunge lao likabadilisha sheria, mwenye duka asilazimike tena kuipokea.

Kwetu, Benki Kuu ilitoa tahadhari Novemba 2019 kuwa sarafu hizi si fedha halali Tanzania. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, mtoto wa visiwa hivi, aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa na mabadiliko haya. Mwaka 2024 sheria ya fedha ikaweka kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hujalipwa, ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Wapo wanaosema, madhali inatozwa kodi basi imehalalishwa kuwa fedha. Hapana. Karafuu nazo zinauzwa kwa sheria na hakuna anayelipia umeme kwa karafuu.

Nije kwenye jambo linaloniuma. Ndani ya miaka michache hii nimepokea nyumbani watu saba waliopoteza fedha kwa jina la sarafu za kidijitali, na katika saba hao, sita hawakuwahi kushika hata chembe ya sarafu yoyote. Waliingizwa kwenye kundi la simu. Weka laki, baada ya mwezi chukua laki mbili. Lete wenzio watatu upandishwe daraja. Wakaonyeshwa namba zinazopanda kwenye kioo. Mama mmoja wa mtaa wangu aliuza bangili zake mbili za harusi. Alipotaka kutoa, akaambiwa atangulize "kodi" ya kutolea. Akakopa, akatoa. Kisha kundi likafungwa, namba zikazimwa. Yule aliyemwingiza alikuwa jirani yake, naye kaliwa pia, na mpaka leo hawasemezani. Hilo si jambo la teknolojia. Ni wizi wa zamani uliovaa nguo mpya, na nawaomba, kwa jina la Mwenyezi Mungu, mtu akikuahidi faida isiyo na hasara, funga mlango.

Na wizi hauko kwa wadogo tu. Februari 2014 soko la Mt. Gox, Japani, ambalo lilikuwa kubwa kuliko yote, lilianguka na kusema Bitcoin kama 850,000 hazionekani. Novemba 2022 likaanguka soko la FTX, na mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, akahukumiwa miaka 25 jela Machi 2024. Katika mikasa yote miwili daftari la Bitcoin halikuvunjwa. Waliovunjika ni waliowekewa amana. Watu walikimbia benki, kisha wakaenda kumkabidhi mtu mwengine fedha yao, asiye na bima wala msimamizi. Kama unainunua Bitcoin na kuiacha mikononi mwa soko, huna Bitcoin, unamdai mtu.

Wa kuishika mwenyewe naye ana mzigo wake. Mali yako inakuwa ni maneno kumi na mawili au ishirini na manne ya siri. Ukiyapoteza, hakuna dirisha la huduma. Mtu mmoja wa Wales, diski ya kompyuta yake iliyobeba siri ya Bitcoin zaidi ya 7,000 ilitupwa jaani, akaitafuta zaidi ya miaka kumi. Tena kumbukeni umeme. Unguja ilikaa gizani miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Daftari la dunia lisingefutika kwa giza lile, lakini aliyetaka kuuza sarafu yake anunue unga angeuza na simu gani?

Mama zangu mnatabasamu, naona. Mnajua nyinyi mlikuwa na jibu lenu siku zote, na liko mikononi na shingoni. Dhahabu imewalinda wanawake wa visiwa hivi kuliko benki yoyote. Haihitaji umeme, haihitaji siri, na mahari yake ni yako peke yako kwa sheria ya dini. Lakini nami nisiwadanganye: aliyenunua dhahabu Januari 1980, ilipofika dola 850 kwa wakia, aliiona ikishuka hadi chini ya 300, na hakuiona tena bei yake ya kununulia mpaka 2008. Miaka 28. Tena sonara anakukata ufundi mara mbili, ukinunua na ukiuza. Na miti? Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja karibu yote, Pemba ikasalimika. Tungekuwa upande wa pili wa upepo ule, tungekuwa na historia nyengine.

Kuhusu dini sitasema mengi, wapo masheikh humu. Nitasema tu kuwa wanavyuoni hawakukubaliana. Mufti wa Misri alikataza mwaka 2018. Indonesia baraza la maulamaa liliharamisha kuzitumia kama fedha mwaka 2021. Malaysia baraza la kisharia la tume ya masoko ya mitaji liliruhusu biashara yake mwaka 2020. Muulize unayemwamini, na umweleze ukweli wa unachokifanya, usimfichie ile sehemu ya kukisia bei.

Mimi mwenyewe nafanyaje? Nitawaambia, kwa kuwa mtu asishauri asichokifanya. Fedha ya mwaka huu, ya chakula, skuli na dawa, iko katika shilingi, benki na kwenye simu. Panya ataila kidogo, nami nakubali, kama ninavyokubali kumlipa mlinzi. Fedha ya miaka mingi sikuiacha kashani. Niliigeuza mabati, kisha kipande cha shamba, kisha pete na mkufu wa mke wangu. Na Bitcoin? Ninayo. Kidogo. Nilinunua ili nielewe ninachowafundisha watu, na nilitia kiasi ambacho kikipotea chote usiku wa leo, asubuhi nitakunywa chai yangu kama kawaida. Mpwa wangu naye amerudi kununua, baada ya kuweka kwanza ya mashine. Sikumkataza.

Hapo niliacha nikawapa nafasi. Kijana mmoja akauliza kuhusu dola za kidijitali, zile zinazosemwa zimefungwa kwenye dola na bei yake haitikisiki. Nikamjibu: uliza kilichozifunga. Nyengine zina dola na hati za serikali ya Marekani nyuma yake, na hapo unarudi kwenye fedha ya serikali, tena kwa kumwamini mtu wa kati. Nyengine hazina kitu. TerraUSD nayo ilisemwa ni dola moja daima. Mei 2022 ilianguka kwa siku chache na mabilioni ya dola ya watu yakaenda nayo.

Kisha akanyanyua mkono mama mmoja wa mstari wa mbele. "Mwalimu, mwanangu anayo hiyo Bitcoin. Akifa, nitaipataje?"

Ukumbi ukanyamaza. Nikawaonyesha dirishani, upande wa pili wa hori. Pale Mtambwe Mkuu, mwaka 1984, zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, vidogo vidogo, zenye majina ya watawala wa pwani hii, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu. Zilifukiwa yapata miaka elfu moja iliyopita. Aliyezifukia aliweka akiba katika kitu bora kilichokuwepo duniani, na akakificha vizuri mno. Hakumwambia mtu. Alikuwa na mama, labda alikuwa na watoto, na mirathi yao ikalala ardhini mpaka wakaja watu wenye burashi na kamera.

Nikamtafuta kwa macho mtoto wa yule mama. Alikuwa mlangoni, ameinamisha kichwa. Akaniuliza aandike wapi yale maneno ya siri, maana wameambiwa wasimwonyeshe mtu. Nikamwambia yasiwe kwenye simu wala kwenye picha. Karatasi mbili kwa kalamu, nyumba mbili tofauti, zimefungwa na kutiwa gundi, na mama yako ajue zipo wapi.